Kupanga nyumba kando ya ziwa Kigoma: hatua kwa hatua kwa anayehamia

Kila watumishi wanapopata uhamisho, simu yangu haitulii. Maswali ni yale yale. Bangwe kukoje? Katonga maji yanatoka? Dalali anataka kodi ya mwaka mzima, nimpe? Na lile linaloniumiza kuliko yote: "Nimetumiwa picha ya nyumba, dirisha la sebuleni linatazama ziwa, nitume hela ya kuishikilia?" Usitume. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa sababu hilo la mwisho limewaliza watu ninaowafahamu.

Nimepanga nyumba nne hapa Kigoma, mbili zikiwa kando ya ziwa. Ya kwanza niliihama maji yakiwa yamefika kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni. Ya pili ndiyo ninayoishi hadi leo, na sina mpango wa kuondoka. Mengi ninayokueleza hapa ni tofauti kati ya nyumba hizo mbili.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Fedha kwanza. Tuchukue mfano wa hesabu tu, kodi ya laki tatu kwa mwezi. Mwenye nyumba akitaka miezi sita, hiyo ni 1,800,000. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, laki tatu nyingine. Yaani 2,100,000 imekwisha kabla hujashusha godoro. Ongeza usafiri wa mizigo, simtanki kama nyumba haina, nyavu za mbu na kitasa kipya cha mlango wa mbele. Usipokuwa na akiba nje ya kodi, utalala kwenye nyumba nzuri ukinunua maji ya dumu.

Andaa pia:

- Kitambulisho cha Taifa na nakala mbili. Kigoma ni mpakani, Uhamiaji hukagua, na mtaani utaulizwa.
- Barua ya mwajiri au ya uhamisho, na picha mbili za pasipoti.
- Siku tatu hadi nne za kulala gesti. Eneo la Mwanga liko katikati, lina soko, na daladala za mjini na za Ujiji zinapita.
- Tochi, na funguo au msumari wa kukwangulia ukuta. Utaona kazi yake.
- Mwenyeji mmoja asiyelipwa na dalali. Mfanyakazi mwenzako, muumini mwenzako, yeyote.

Hatua zenyewe

1. Chagua upande wa ziwa kabla ya kuchagua nyumba.

Watu huanza na nyumba, halafu wanashangaa na mtaa. Anza na mtaa. Bangwe na vilima vya karibu na mjini ndiko wanakokimbilia wenye kipato: kumeinuka, kumetulia, ghuba unaiona yote na meli zimefunga bandarini. Tatizo la kilimani ni msukumo wa maji ya bomba, na bajaji zinazokuomba nyongeza ukirudi usiku. Katonga iko ng'ambo ya pili ya rasi ya Bangwe, ni kijiji cha wavuvi chenye mandhari ya kupendeza, ila hakuna ghuba ya kukukinga. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini huja na mawimbi, na utayasikia ukiwa kitandani. Kibirizi, kaskazini mwa mji, kuna mwalo mkubwa, yaani mahali wavuvi wanaposhushia dagaa, na boti za vijijini na za kwenda Gombe. Kumechangamka usiku na mchana. Ujiji ni mji wa zamani, majirani wanajuana tangu mababu, kodi huwa nafuu, lakini ofisi nyingi ziko mjini na barabara ni ile ile moja kila mtu anaipita asubuhi.

Mwenye watoto wadogo namshauri kilimani. Anayefanya kazi ya boti au biashara ya samaki asijidanganye na kilima, akae Kibirizi.

2. Mpe dalali masharti, usisubiri akupe yeye.

Mwambie tangu mwanzo: idadi ya vyumba, kiwango chako cha mwisho, mtaa, na kwamba ada yake utalipa siku ya kusaini mkataba mbele ya mwenye nyumba. Hela ndogo ya kuonyeshwa nyumba ni desturi, mpe, ila ukubaliane kama ni ya siku nzima au ya kila nyumba. Usiwape kazi hiyo hiyo madalali watatu kwa siri. Wote watakupeleka nyumba moja na wote watadai.

3. Uliza maji yalifika wapi.

Hii ndiyo hatua ninayokuomba uisome mara mbili.

Ziwa Tanganyika linapanda na kushuka kila mwaka. Mvua huanza karibu na Oktoba au Novemba, na kina huwa juu zaidi mwezi Aprili na Mei mvua zinapoisha, kisha hushuka taratibu hadi Oktoba. Ukikagua nyumba mwezi wa kumi, unaona ufukwe mpana, mchanga mweupe, watoto wanacheza mpira. Ukirudi mwezi wa tano, goli limo majini.

Hilo ni la kila mwaka. Lipo na lile la miaka. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Malagarasi, Ruzizi na mito mingine ikileta maji mengi miaka kadhaa mfululizo, ziwa linajaa na linakaa limejaa. Halifanyi kama mafuriko ya mto yanayopita kwa wiki moja. Mwaka 2020 na 2021 lilipanda hadi likameza nyumba, miembe na sehemu za mialo yetu. Wazee wa Ujiji watakusimulia pia miaka ya 60. Na limewahi kwenda mbali vile vile: kumbukumbu ya pale walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871 leo iko mbali na maji. Ziwa linahama, nyumba haihami.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimuulize dalali wala mwenye nyumba peke yake. Nenda kwa jirani wa pande zote mbili, na kwa mama anayeuza samaki wa migebuka pale njiani, uulize: "Mwaka ule ziwa lilipopanda, hapa lilifika wapi?" Watakuonyesha kwa mkono. Kisha ingia ndani na tochi yako, inama, angalia ukuta wa chini nyuma ya mlango na nyuma ya kabati la jikoni, mahali ambapo fundi rangi huwa hafiki vizuri. Kule kwangu kulikuwa na mstari wa kahawia, mwembamba kama uzi, umekwenda sawasawa kuzunguka chumba kizima, kama goti langu kwa urefu. Juu ya mstari rangi ilishika. Chini yake, nilipokwangua kwa funguo, plasta ilimwagika kama unga wa sembe. Niliuona siku ya kuhama. Ningekuwa na tochi siku ya kukagua ningeuona siku hiyo.

Pima na umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60 si mbali, ni karibu na upana wa uwanja wa mpira. Nyumba iliyo ndani ya ukanda huo inaweza kuamriwa ibomolewe, na mwenye nyumba akibomolewa, kodi yako uliyolipa mbele utaifukuzia miaka. Mimi siingii tena ndani ya mita 60 hata nikipewa kwa nusu bei.

4. Rudi mara tatu: asubuhi, alasiri na usiku.

Asubuhi, karibu saa mbili, fungua bomba. Ndio wakati wenyeji wote wanafungua. Lisipotoka, uliza siku za mgao na ukague simtanki lina ujazo gani.

Alasiri, saa tisa, kaa sebuleni nusu saa. Wageni wengi hawalifikirii hili: ziwa letu liko magharibi. Dirisha zuri linalotazama maji ndilo linalopigwa na jua kuanzia saa nane mchana hadi linapozama, na Kigoma jua huzama karibu saa moja jioni, nyuma ya milima ya Kongo. Nyumba isiyo na baraza pana wala mti upande huo, ukuta wake unakuwa na joto hadi usiku wa manane. Vyumba vya kulala vikiwa upande wa mashariki na sebule upande wa ziwa, hiyo nyumba ilijengwa na mtu mwenye akili.

Usiku, nenda saa tatu. Sikiliza. Karibu na mwalo, injini za boti zinatoka na kurudi, na wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, taa zao zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Ukikagua siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika, utadhani mtaa ni kimya. Mchana wake dagaa huanikwa. Harufu hiyo wengine wetu tunaipenda, ni harufu ya ada ya shule. Wewe jipime.

5. Kagua nyumba.

Choo kwanza. Karibu na ziwa, maji ya ardhini hupanda pamoja na ziwa, na shimo la choo hujaa hata kama mko wawili tu. Uliza lilinyonywa lini, na kama gari la majitaka linafika, maana vichochoro vingine havipiti gari.

Umeme: mita iwe ya nyumba yako peke yako. Jaza LUKU ya kiasi kidogo mbele ya mwenye nyumba, uone kama kuna deni linalokatwa. Kwenye LUKU hukatwa pia kodi ya majengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, hivyo mkubaliane ataipunguza kwenye pango. Wengi hukubali wakiombwa mapema, na hukasirika wakidaiwa baada ya mwaka.

Radi huku ni nyingi. Tazama kama waya wa ardhini upo na haujakatwa na mwizi wa shaba. Tazama nyufa, hasa zile za mshazari kwenye kona za madirisha. Tuko kwenye Bonde la Ufa, na Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilipiga ziwani humu humu. Kilimani, angalia maji ya mvua yanapita wapi. Korongo dogo nyuma ya fensi leo, mwakani limo ndani ya fensi.

Jambo moja zuri kwa anayetoka Dar au Tanga: maji yetu ni baridi, hayana chumvi. Nondo za madirisha na friji havitaliwa na kutu kama kule baharini.

6. Hakikisha anayekupangisha ndiye mwenyewe.

Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, salimia, eleza nyumba unayotaka, uliza ni ya nani. Haichukui nusu saa. Ujiji hasa, nyumba nyingi ni za urithi, zina wenyewe wanne au watano, na mmoja tu ndiye aliyepo. Taka kumwona msimamizi wa mirathi, au ndugu wote wasaini. Nimeshuhudia mpangaji akiamshwa na dada wa mwenye nyumba kutoka Kasulu akiuliza, kwa adabu kabisa, "Mwanangu, nani kakuweka humu?"

7. Zungumza bei na mwenye nyumba, ana kwa ana.

Nenda jioni, bila haraka, usianze na hela. Mazungumzo yangu ya mwisho yalikwenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeiona nyumba?"

"Nimeiona mzee wangu, nimeipenda. Nimekuja kuomba mambo mawili. Nianze na miezi mitatu, na ile pampu ya maji itengenezwe kabla sijaingia."

"Miezi mitatu? Wenzako wanalipa mwaka."

"Ni kweli mzee. Mimi natazama mshahara wa mwezi. Tukielewana hii mitatu, nitakuwa nakulipa sita sita."

Alinyamaza, akaniuliza kwetu ni wapi na nina watoto wangapi. Tulipomaliza chai tulikuwa tumekubaliana minne, na pampu ikawa juu yake.

Baadhi ya nyumba za kilimani hutajiwa bei kwa dola, desturi iliyotokana na wapangaji wa mashirika. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Omba bei ya shilingi, na ndiyo iandikwe.

8. Andikeni mkataba.

Ukurasa mmoja unatosha kama una haya: majina na namba za vitambulisho, kodi na muda, tarehe ya kuanza, nani anatengeneza nini, notisi ya miezi mingapi kwa kila upande, na mita ya LUKU ilisomaje. Kwa nyumba ya ziwani ongeza sharti moja: maji ya ziwa yakiingia kwenye uwanja au nyumba, mpangaji ana haki ya kuondoka na kurudishiwa kodi ya miezi iliyobaki. Mwenye nyumba akilikataa sharti hilo, amekujibu swali la hatua ya 3.

Saini mbele ya shahidi wa kila upande, na mwenyekiti wa mtaa agonge mhuri. Lipieni ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Bila huo, siku ya shauri mkataba wako unaweza kukataliwa kama ushahidi. Lipa kwa benki au simu, si mkononi, na risiti uipige picha.

9. Ingia kwa heshima.

Badilisha kitasa siku ya kwanza. Piga picha kila chumba. Kisha peleka barua yako kwa mwenyekiti na ujitambulishe kwa mjumbe. Wasalimie majirani nyumba kwa nyumba, shikamoo kwa wakubwa, usipite na miwani ya jua kama huwaoni. Mtaa ukikujua, hata mwizi anajua kuwa unajulikana.

Kuishi na ziwa

Usiogelee popote tu. Ziwa lina kichocho, hasa penye maji yaliyotulia, matete na konokono. Penye mawe na maji yanayotembea hatari ni ndogo, haiishi. Pima kinyesi hospitali walau mara moja kwa mwaka. Dawa ipo na inaponya. Maji ya ziwa ya kuogea yakilala kwenye pipa safi, lisilo na konokono, siku moja hadi mbili, vijidudu vya kichocho hufa. Ya kunywa chemsha kila siku, kipindupindu tunakijua.

Mamba wapo. Waulize wavuvi wa hapo hapo, wao ndio wanaojua wameonekana wapi wiki hii. Watoto wasiende ufukweni machweo bila mtu mzima, na ufukwe huwa na kina cha ghafla: ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, na miteremko yake huanza karibu.

Samaki nunua mwaloni asubuhi. Ujue kuwa uvuvi unaweza kufungwa ili samaki wazaliane, kama ilivyokuwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Miezi hiyo mtaa wa wavuvi unakuwa na ukata. Jirani akikukopa, mwelewe.

Mambo yakienda kombo

*Maji ya bomba hayatoki wiki nzima.* Uliza jirani kwanza. Kama kwake yanatoka, tatizo ni bomba lako au bili ya mpangaji aliyepita. Nenda mamlaka ya maji na namba ya mita.

*LUKU inakatwa hela nyingi.* Huenda kuna deni la zamani kwenye mita. Chukua taarifa ya mita TANESCO, mpelekee mwenye nyumba na nakala ya mkataba.

*Choo kinarudisha maji Aprili au Mei.* Usimwage dawa, shimo limejaa maji ya ardhini. Nyonyeni, punguzeni matumizi, na fikirieni shimo lililoinuliwa.

*Mwenye nyumba anapandisha kodi katikati ya mkataba.* Mwonyeshe mkataba, kwa upole, mbele ya mwenyekiti. Ikishindikana, Baraza la Kata husuluhisha, kisha lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Endelea kulipa kodi ya zamani kwa njia yenye risiti, usiache kulipa.

*Madalali wawili wanadai ada.* Lipa aliyekufikisha kwa mwenye nyumba. Mwingine mpe ya usumbufu mbele ya watu, yaishe.

*Ziwa linapanda.* Chomeka kijiti kwenye ukingo wa maji, kila Jumamosi angalia. Maji yakipita kijiti wiki nne mfululizo, na Mei bado haijafika, mwandikie mwenye nyumba siku hiyo hiyo ukitaja lile sharti la mkataba. Inua friji juu ya matofali, zima umeme wa soketi za chini, na anza kutafuta nyumba kilimani kabla majirani zako nao hawajaanza.